Je, Aliyeondoka Ameacha?

Yako maneno mawili ambayo watu huyatumia kana kwamba ni pacha, nayo si pacha hata kidogo: kuondoka na kuacha. Mtu huondoka nyumbani alfajiri akaenda shambani, na hakuna atakayesema kwamba ameiacha nyumba yake. Mwingine hukaa ndani ya nyumba hiyo hiyo miaka ishirini, akila na kulala humo, na kila jirani akajua kwamba aliiacha zamani. Kuondoka ni kazi ya miguu, na kuacha ni kazi ya moyo. Kila mtu mzima analijua hili, na nisingeona haja ya kuliandikia sura nzima kama kusingekuwako sheria, na desturi pia, zinazoitazama kazi ya miguu na kuihukumu kama kazi ya moyo.

Nia yangu hapa ni kulipima swali moja linalowapata Watanzania wengi walioko ng'ambo, nalo limefika hata kwetu Msowero, wilayani Kilosa. Mtu ameoa au ameolewa Marekani. Ombi lake la ukaazi linashughulikiwa, halijajibiwa. Mara anaitwa nyumbani kwa ugonjwa au kwa msiba. Je, aende au abaki? Na lolote atakalochagua, atakuwa amemwacha nani?

Kwanza tuielewe sheria yenyewe, maana wengi wetu huizungumza kwa kusikia tu. Kile kinachoitwa kadi ya kijani ni hati ya ukaazi wa kudumu. Haimfanyi mtu kuwa Mmarekani. Mtanzania aliyeipata anabaki Mtanzania, na pasipoti yake ni ile ile aliyotoka nayo. Mume au mke wa raia wa Marekani, ikiwa yumo ndani ya nchi hiyo na aliingia kwa kupita mbele ya maofisa wa mpakani, anaweza kuomba hati hiyo bila kutoka. Mwenzi wake hupeleka fomu I-130 kuonyesha kwamba ndoa ipo na ni ya kweli. Yeye mwenyewe hupeleka fomu I-485 ya kuomba ukaazi. Tena mwenzi hutia saini hati ya dhamana, I-864, akiahidi kwamba kipato chake kitatosha kumtunza huyu asiwe mzigo kwa serikali. Baada ya hapo huja kungoja, na kungoja huko huweza kuchukua miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka.

Katika muda huo wa kungoja sheria inasema hivi: mwombaji akitoka nje ya nchi kabla ya kupewa kibali cha kurudi, basi ombi lake huhesabiwa kuwa ameliacha. Neno linalotumika ni hilo hilo la kuacha. Kibali huombwa kwa fomu I-131, nacho sharti kiwe kimekwisha kutolewa kabla mtu hajapanda ndege. Wako wachache wasiobanwa na sharti hili, kwa mfano baadhi ya walioko huko kwa viza za kazi za H-1B na L-1. Na panapotokea dharura kubwa, kama kifo cha mzazi, mtu anaweza kuomba ashughulikiwe haraka, mradi alete ushahidi.

Liko na jambo zito zaidi. Sheria iliyotungwa mwaka 1996, ambayo sehemu yake hii ilianza kufanya kazi Aprili 1997, inasema kwamba mtu aliyekaa Marekani bila idhini kwa zaidi ya siku 180 mfululizo, kisha akaondoka kwa hiari yake, huzuiwa kurudi kwa miaka 3. Aliyefikisha mwaka 1 au zaidi huzuiwa kwa miaka 10. Kizuizi hiki hakimpati akiwa ndani, humpata anapotoka. Hivyo yule ambaye siku zake za viza zilimpita kabla hajafunga ndoa anaweza kukaa akiliombea ombi lake, lakini siku akivuka mpaka bila kibali, mlango hujifunga nyuma yake.

Msomaji asifikiri kwamba sheria hii haina hoja. Ombi la aina hii ni la mtu aliyemo ndani. Anasema, "Mimi niko hapa, naomba nibaki hapa." Kwa aliyeko nje iko njia nyingine, ya kupitia ubalozi. Basi anayetoka, sheria humwambia: umeiacha njia hii, kamata ile nyingine. Aidha, kila nchi ina haki ya kujua nani anaingia na nani anatoka. Hata sisi tunao mipaka yetu na maofisa wetu. Kwa hiyo sitaki kuandika kama mtu anayelaumu tu. Ninachotaka kukitazama ni kile kinachompata mwanadamu anaposimama mahali ambapo hoja mbili, kila moja ikiwa na haki yake, zinamwita kwa wakati mmoja.

Sasa tuje kwetu. Msowero iko kando ya barabara itokayo Dumila kwenda Rudewa na Kilosa mjini. Ni nchi ya mahindi na mpunga, na kwa siku hizi ufuta pia. Wenyeji wa asili wa upande huu wa Kilosa ni Wakaguru, watu ambao ukoo wao hufuatwa kwa upande wa mama. Jambo hili lina uzito katika habari yetu. Kwa wanaofuata ukoo wa baba, mama ni mzazi mpendwa aliyetoka kwa watu wengine. Hapa mama ndiye mlango ambao mtu aliupitia kuingia katika ukoo wake. Na kaka yake mama, yaani mjomba, ana sauti juu ya watoto wa dada yake ambayo mara nyingine baba mwenyewe hana. Mtoto asipofika kumzika mama, jambo hilo halibaki kuwa huzuni yake peke yake. Linakuwa habari ya ukoo.

Mwaka jana alifariki mama mmoja wa kijijini kwetu. Mwanawe wa kiume yuko Houston, katika jimbo la Texas. Kijana huyo aliingia Marekani kwa viza ya matembezi, siku zake zikapita, akakaa zaidi ya mwaka akifanya kazi hizi na hizi. Kisha akamwoa dada mmoja raia wa nchi hiyo, wakapeleka maombi yao kwa utaratibu. Fomu ya kibali cha kusafiri nayo ilikuwa imepelekwa, lakini kibali hakijatoka. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba. Mama alifariki usiku, na wazee wakapanga mazishi yawe kesho yake saa kumi jioni, kwa sababu kwetu hakuna mahali pa kumhifadhi maiti siku nyingi. Hata ndege yenyewe, achilia mbali kibali, isingeweza kumfikisha.

Kwa kuwa nilifundisha Kiingereza miaka mingi, niliitwa kikaoni niwasomee wazee maelezo ambayo kijana alikuwa amewatumia kwa simu. Nikasoma, nikaeleza.

"Mwalimu," akaniuliza mjomba wa kijana, "hiyo karatasi anayoingoja ina nini hata imzuie mtu asije kwa mama yake?"

"Mzee, hiyo karatasi hajaipata. Akitoka sasa, kule watasema ameiacha mwenyewe. Na kwa jinsi alivyokaa, huenda asiruhusiwe kurudi kwa miaka kumi."

Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Na asipokuja, huku tutasema ameacha nini?"

Ndipo nilipoona kwamba mzee yule, ambaye hajui fomu hata moja, alikuwa amekigusa kiini cha jambo. Kule wanasema: ukienda, umeacha. Huku tunasema: usipokuja, umeacha. Pande zote mbili zinaitazama miguu ya kijana mmoja, na kila upande unadhani umekwisha kuusoma moyo wake. Naye ana miguu miwili tu, wala haiwezi kusimama Houston na Msowero kwa siku moja.

Mwanafalsafa wa Kifaransa, Jean-Paul Sartre, katika mhadhara wake wa mwaka 1945, alisimulia habari ya mwanafunzi wake aliyemwendea wakati wa vita kuomba shauri. Kijana huyo alitaka kwenda Uingereza kujiunga na Wafaransa waliokuwa wakipigana na Wajerumani. Lakini mama yake alikuwa amebaki na yeye tu, na kuondoka kwake kungeweza kumvunja. Sartre akamwambia: wewe ni huru, basi chagua. Kwa Sartre, hakuna kitabu wala mwalimu awezaye kumchagulia mtu, na anayejificha nyuma ya shauri la mwingine anajidanganya.

Nimelifikiri jibu hilo mara nyingi. Lina ukweli ndani yake, maana hatimaye ni mtu mwenyewe atakayeinua mguu au kuuweka chini. Lakini liko jambo ambalo jibu hilo halikuliuliza: kile anachokitumia kijana katika kuchagua, ni mali ya nani? Mtu anaweza kutoa shati lake mwenyewe akampa amtakaye. Hawezi kutoa shati aliloachiwa na mwenziwe alitunze. Hiyo ni amana.

Ombi la kadi ya kijani kwa njia ya ndoa ni amana. Litazame vizuri. Fomu ya kwanza si yake, ni ya mkewe. Dhamana ya kipato si yake, ni ya mkewe. Picha za harusi, mkataba wa nyumba, hesabu ya benki yenye majina mawili, vyote vinavyowekwa katika jalada hilo kuthibitisha ndoa, ni vya watu wawili. Akiliacha ombi hilo kwa kupanda ndege, hakuacha kitu chake peke yake. Amekiacha pia kitu cha mwanamke aliyekaa usiku akijaza karatasi, na cha mtoto ambaye huenda akafika darasa la nne bila ya kuishi na baba yake. Pale kikaoni mama mdogo wa kijana ndiye aliyelisema hili kwa maneno machache kuliko yangu. Alisema, "Huyo mke naye ni mwana wa mtu."

Lakini amana ina pande mbili, na mtu asiichukue ile inayompendeza akaiacha nyingine. Mama naye ana amana yake kwa mwanawe. Alimbeba, akamlea, na huenda alimuuzia magunia ya mpunga apate nauli ya kwenda. Kumzika ni haki yake. Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba mwenye mke na mtoto amekwisha kumaliza deni lake kwa wazazi. Deni lipo. Kinachoulizwa ni namna ya kulilipa na siku ya kulilipa, na tena ni nani wa kukaa pamoja na mdaiwa wakapanga.

Na hapa ndipo desturi yetu ilipomjibu Sartre, ingawa haijawahi kumsikia. Kijana alipopigiwa simu, alisema, "Shikamoo mjomba. Mimi nimekwama. Moyo unaniambia nije, na huyu hapa pembeni yangu hawezi hata kuinama. Semeni ninyi." Mjomba akaitikia, akamwuliza kama mkewe anakula vizuri. Kisha akasema, "Kaa na mkeo. Mama yako tutamzika sisi, na hapana mtu hapa atakayesema umemwacha. Lakini siku mlango ukifunguka, usipite kwingine kwanza."

Wengine watasema kijana alikwepa, akauweka mzigo wake juu ya kichwa cha mzee. Sioni hivyo. Uamuzi unaowagusa wengi haupaswi kubebwa na mmoja usiku wa manane chumbani kwake. Aliusema ukweli wake wote mbele ya wenye haki, akakubali kuhukumiwa nao. Kama mjomba angesema "njoo", sijui angefanya nini. Lakini angalau angejua kwamba anawaudhi watu waliokwisha kusikia habari yake yote, na wao wangejua wanamwomba kitu cha thamani gani. Kukaa kikao hakumwondolei mtu uhuru wa kuchagua. Kunamwondolea upweke, na upweke huwafanya watu wengi wachague vibaya.

Sasa nijibu pingamizi moja kubwa, maana nimelisikia kutoka kwa watu ninaowaheshimu. Wanasema: haya yote ni maneno ya kuufunika utamu wa Ulaya na Marekani. Mtu amezoea umeme na barabara nzuri, halafu anasingizia fomu. Leo ni kibali, kesho ni kazi, keshokutwa ni shule ya watoto, na mama wa pili, na mjomba, na dada, wote watazikwa naye hayupo. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga.

Pingamizi hili ni la kweli kwa baadhi ya watu, nasi tunawajua. Lakini linatudai tuwe na kipimo cha kumtenga anayengoja na aliyeacha, kwa sababu kwa macho wanafanana: wote wawili hawapo. Mimi naona kipimo kiko katika mambo yaliyotangulia siku ya msiba na yanayofuata baada yake. Anayengoja huwaeleza wazee hali yake mapema, kabla ugonjwa haujaja, ili siku ya siku isiwe ngeni. Huomba kibali cha kusafiri hata kama hana safari, kwa kuwa anajua wazazi wake wamezeeka. Hutuma fedha, naam, lakini pia huuliza jina la jirani aliyemwogesha mama yake. Na mlango unapofunguka, huja. Aliyeacha hana habari na lolote kati ya haya. Yeye hukumbuka sheria siku ile tu anapotakiwa kuja. Kungoja kwa kweli kuna kazi ndani yake, kama kungoja mvua kulivyo na kazi ya kulima kabla.

Sisi watu wa Kilosa tuna sababu ya pekee ya kulielewa jambo hili, ila tumesahau. Wakati wa utawala wa Mwingereza, mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa yaliwaleta watu wa mbali: kutoka Songea, kutoka Unyamwezi, kutoka Ruanda na Urundi, na Wamakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Waliokuja kwa mkataba waliitwa manamba, kwa sababu waliandikwa kwa namba. Mfanyakazi wa mkonge alikuwa na karatasi iliyoitwa kipande, yenye nafasi za siku 30 za kazi, na mshahara wake ulingoja hadi nafasi hizo zijazwe. Kuukimbia mkataba kabla ya muda lilikuwa kosa la kumfikisha mtu gerezani. Tujiulize, ni mama wangapi walizikwa Songea na Ufipa, wana wao wakikata mkonge hapa kwetu, kwa sababu ya karatasi? Wakati ule nchi iliyowashika wana wa wengine ilikuwa hii ya kwetu.

Wengi wa watu wale hawakurudi. Walioa hapa, wakazikwa hapa, na wajukuu wao ni majirani zetu. Mmoja wa watoto wao, sasa mzee, alikuwapo kwenye msiba ule. Alipopewa nafasi alisema kwamba baba yake hakumzika mama yake, na hakupata hata kuliona kaburi. "Lakini," akasema, "hapakupita mavuno asimtaje. Alituambia alikuwa anapika nini, alikuwa anacheka vipi. Binti yangu wa kwanza ana jina lake. Sasa ninyi niambieni, baba yangu alimwacha mama yake?" Hapakuwa na wa kumjibu kwamba ndiyo.

Ushahidi wa mzee yule unanifundisha kwamba kuacha hakuthibitishwi kwa siku moja. Siku moja inaweza kuthibitisha kuondoka, au kutokufika. Kuacha kunahitaji muda mrefu: mwaka baada ya mwaka wa kutouliza, wa kutotaja, wa kutokuja hali njia ipo. Kwa hiyo anayetoa hukumu ya kuacha siku ile ile ya mazishi amehukumu kabla ya ushahidi kuletwa, awe ni ofisa au ni shangazi.

La kutia moyo ni kwamba sheria na desturi, zote mbili, zinalijua hili zikiulizwa vizuri. Mwaka 2012 Baraza la Rufaa za Uhamiaji la Marekani liliamua, katika shauri moja lililohusu kile kizuizi cha miaka 10, kwamba mtu aliyetoka kwa muda akiwa na kibali cha kurudi hahesabiwi kuwa ameondoka kwa maana ya sheria ile. Yaani ameondoka, lakini hakuondoka. Mtu anaweza kucheka akasema hayo ni maneno ya wanasheria. Mimi nayaona ni ungamo la haki: sheria ilipobanwa, ilikiri kwamba yako mapito ya miguu ambayo si kuondoka kwa mtu.

Desturi nayo ina mlango wake. Msiba wetu haumaliziki kaburini. Yako matanga, iko arobaini, na iko siku ya kugawa vitu vya marehemu. Aliyekuwa mbali anapofika, hata kama ni mwaka umepita, hupelekwa kaburini, na kilio huanza upya kwa ajili yake. Wazee waliotunga taratibu hizo walijua kwamba watu husafiri, kwamba mito hufurika na habari huchelewa. Hawakuifanya siku ya kuzika kuwa mtihani wa mwisho wa upendo. Katika msiba ninaousimulia, arobaini ilifanyika kwa siku yake, lakini mjomba aliamua kwamba vitu vya marehemu visigawiwe. Viko kwake ndani ya sanduku, pamoja na jembe, hadi mwana afike. Mtoto amekwisha kuzaliwa Houston, salama, naye ni wa kike. Kibali, ninapoandika haya, bado kinangojwa.

Nimalizie kwa kusema wajibu wa kila mmoja, kama ninavyouona. Aliyeko ng'ambo asifiche hali ya karatasi zake kwa kuona aibu. Wazee wengi huku wanadhani kila aliyefika Marekani amekwisha kuwa mtu wa huko, na ukimya wake ndio unaowapa dhana hiyo. Aombe kibali mapema, na asipande ndege kwa hasira ya usiku mmoja kabla ya kuuliza kwa anayeijua sheria, kwa maana sheria hizi hubadilika, na kosa la saa moja linaweza kudai miaka kumi.

Mwenzi wake naye, ambaye jina lake ndilo linaloshikilia ombi, ana wajibu mkubwa kuliko anavyofikiri. Sheria inamruhusu kuliondoa ombi lake kabla halijakubaliwa. Nguvu hiyo ni ya hatari ndani ya nyumba. Siku atakapomwambia mwenziwe, "Ukienda kwenu nitaondoa jina langu," atakuwa ameigeuza ndoa kuwa kipande na yeye mwenyewe kuwa mnyapara. Aseme hofu yake, aseme kwamba anaogopa kujifungua peke yake, hiyo ni haki yake; lakini asiitishe kwa saini.

Na sisi tuliobaki nyumbani, wenye kuketi kwenye mikeka na kuhesabu nani amefika na nani hakufika, tupunguze haraka ya ulimi. Mwenye kumzika mama yake kwa simu, akiwa amesimama jikoni katika nchi ya watu, hana haja ya kuongezewa neno kwamba amemkana. Tumwulize kwanza amefungwa na nini. Kama amefungwa, tumzikie, tumtunzie sanduku, na tumwambie kwa sauti atakayoisikia kwamba hesabu yake haijafungwa. Kama hakufungwa na lolote, muda utasema, na wala hautahitaji msaada wetu.